Hamkuandika Atakula na Nani

Nimeandika habari za mwanamke huyu mara mbili maishani mwangu. Hii ni mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, niliupiga taipu mwenyewe ofisini, ukagongwa mhuri, na ukamtoa mzee wa watu chumbani mwake. Nilisifiwa kwa kazi ile. Mkubwa wangu alisema vijana wenye macho kama yangu ndio nchi inaowahitaji, nami nikarudi nyumbani kwa madaha, nikafika mlangoni, na yule yule niliyemwandika akanipokea kapu langu la sokoni.

Jina lake sitalitaja. Magomeni yote ya Mtwara ilimwita Mwenye Nyumba, kana kwamba nyumba nyingine za mtaa ule hazikuwa na wenyewe. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida: vyumba sita, ukumbi katikati, bati mbele, na uani kisima na jiko la makuti. Chumba cha kwanza kushoto kilikuwa changu. Nilikuwa karani wa ofisi iliyowashughulikia wazee na vilema wasio na ndugu, mgeni kutoka milimani kwenye migomba, na kwa kuwa nilipangiwa kazi mbali na kwetu, ofisi ndiyo iliyonilipia chumba. Vyumba vya kati walikaa makuli wa bandarini, waliokuja na kuondoka. Chumba cha uani alikaa mzee.

Nianze na mabaya yake, maana ndiyo niliyoyaona kwanza. Alikuwa mchoyo wa maji. Angeweza kuwa amelala mchana, amejifunika kanga mpaka usoni, lakini ukiteremsha ndoo kisimani mara ya tatu utasikia sauti kutoka chumbani, "Karani, unaoga au unafua kanisa?" Mimi Mkristo peke yangu mle ndani, basi kila kosa langu alilipeleka kanisani. Nilipochelewa kufagia zamu yangu aliuliza kama padri amekataza mifagio. Nilinuna miezi miwili ya kwanza. Baadaye nilizoea, lakini sikuwahi kumjibu, na naona sasa kwamba alikuwa akingoja jibu.

Alikuwa mbishi, tena mbishi wa mambo madogo. Alibishana na muuza samaki, na fundi bati, na mjumbe wetu wa nyumba kumi ambaye kila mkutano alimwambia apunguze maneno. Wakati ule neno unyonyaji lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na mwenye nyumba ya kupangisha alitazamwa kwa jicho la pembe. Mjumbe alipohutubia kuhusu watu wanaoishi kwa jasho la wengine, yeye alinyanyua mkono akauliza jasho la kupiga lipu ukuta ni la nani, maana alipiga lipu mwenyewe na mikono bado inamuwasha. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliandika kwenye daftari langu kwamba hana mwamko.

Na mtu akiisifu nyumba yake, jibu lilikuwa moja siku zote: usione vyaelea, vimeundwa.

Alikuwa na tabia ya kugonga kuta. Kila baada ya mvua kubwa alipita vyumba vyote, anabisha hodi, anaingia, anagonga ukuta kwa vifundo vya vidole kutoka mlangoni mpaka dirishani, huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Paliposikika vibaya aliweka alama ya mkaa, na kesho yake anakuja na udongo. Nilidhani ni upelelezi, kwamba anatafuta sababu ya kuangalia mizigo yetu. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba chumba kimoja hakukigonga kamwe, nacho ni chake. Chumba chake kilikuwa kinavuja pembe mbili. Alitega sufuria, na mvua ikinyesha ungesikia matone mpaka ukumbini. Nilimuuliza mbona hajiangalii mwenyewe. Akasema yeye hajilipi kodi, atamlalamikia nani.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mimi nililala ndani ya nyumba ile miaka mitatu, na bado sikuijua, wala ila wala wema.

Sasa mzee. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka zamani kuja kutafuta kazi ya mkonge, na mashine ya mkonge ikachukua mkono wake wa kulia karibu na kiwiko. Hakuwa na mke wala mtoto wala mtu wa kumwita ndugu. Ofisi yetu ilimlipia chumba na kumpa posho ya kila mwezi: unga wa mahindi wa njano, maharage, mafuta kidogo, sabuni. Ilikuwa kazi yangu kumtafutia pa kukaa, na kwa kuwa chumba cha uani kilikuwa kitupu, nilimleta kwa Mwenye Nyumba mimi mwenyewe, na karatasi mkononi.

Karatasi ile nimeikariri mpaka leo. Ilikuwa na masharti manne ya mwenye nyumba anayepokea mtu wa msaada wa serikali. Tulikaa barazani, nikamsomea kwa sauti, maana yeye alisoma herufi za Kiarabu tu. La kwanza, chumba kisivuje. Akasema hilo analijua. La pili, asimtoze msaidiwa kitu chochote zaidi ya kile kinacholipwa na ofisi. Akasema amtoze nini, mkono? Mzee alikuwa amekaa pale pale, akacheka mpaka akakohoa. La tatu, asiguse posho ya msaidiwa. Hapo alininyamazisha kwa kiganja.

"Ugali unasongwa kwa mikono miwili," alisema. "Mmoja unashika mwiko, mmoja unashika chungu. Huyu nzee atasonga na nini?"

Yeye alisema nzee, na ntu, na nke, kama watu wengi wa kule. Nilimjibu kwamba karatasi haizungumzii kupika. Inasema tu posho ni mali ya msaidiwa, mwenye nyumba asiiguse.

"Sawa," akasema. "Lakini hamkuandika atakula na nani."

Nilitabasamu, nikaendelea na la nne: msaidiwa asitolewe chumbani wala kuhamishwa bila yeye mwenyewe kuulizwa. Hilo alitaka nilirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama ni kwa mtu yeyote anayelipiwa na serikali, nami nikasema ndiyo, kwa yeyote, serikali ya wakulima na wafanyakazi haitaki mtu atupwe nje kwa chuki za mwenye nyumba. Nilisema kwa fahari, utadhani niliitunga mwenyewe. Akakichovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza, akajifuta kwenye nguzo ya baraza. Doa lile lilikaa pale miaka yote.

Ningependa kusema kwamba walikaa kwa amani. Lakini ungewasikia. Asubuhi tu mzee akitoka chumbani, Mwenye Nyumba anamuuliza kama bado hajafa, maana kuna watu wanakitaka chumba. Mzee anajibu kwamba amekuja kumzika kwanza yeye, ndiyo maana serikali inamlisha. Mwenye Nyumba anamwita mzigo wa serikali. Anamwita mkono mmoja, midomo miwili. Mzee akilewa uraka, pombe ya mabibo, msimu wa korosho, na alilewa kweli, Mwenye Nyumba alimfungia mlango wa uani mpaka aombe radhi kwa wimbo, naye mzee anasimama nje anaimba Kimakonde, wapita njia wanasimama kusikiliza.

Walikuwa watani. Yeye Mmakua, mzee Mmakonde, na walikuwa wameshaulizana makabila na kukubaliana siku ile ile ya karatasi. Utani si kitu kigeni kwangu, kwetu pia upo. Lakini haikunijia akilini kwamba mwenye nyumba na msaidiwa wanaweza kutaniana, kwa sababu katika karatasi zetu mmoja alikuwa mwenye mali na mwingine mnyonge, na mnyonge hutukanwa, hataniwi. Niliyasikia maneno yao yote kupitia dirisha langu. Niliyaandika, kwa herufi nzuri.

Na posho. Gari la ofisi lilipoleta mfuko wa mzee mwanzo wa mwezi, Mwenye Nyumba aliuchukua mbele ya macho yangu, akaumimina kwenye debe lake mwenyewe, lile lililokaa chini ya kitanda chake. Mafuta akayabeba chumbani kwake. Sabuni pia. Sikumwuliza. Nilirudi chumbani, nikafunga mlango.

Mlango huo nao una habari yake. Kila siku nilipika chumbani kwenye jiko la mafuta ya taa, wali wangu au ndizi zangu zilipopatikana, nikala peke yangu nimefunga mlango. Sikuona ubaya. Kwetu nilifundishwa usafi na kutojikomba kwa watu. Na kila siku, jua likiwa bado juu ya paa la jirani, Mwenye Nyumba alitandika mkeka uani, akaweka sinia moja, yeye upande wa jikoni, mzee upande wa kisima, na kuli yeyote aliyekuwepo. Kabla hajashika tonge aliita, "Karani, karibu."

"Ahsante mama, nimeshiba," nilijibu, hata siku ambazo sikuwa nimekula.

Makuli walinicheka. Yeye hakucheka. Siku moja tu alisema, kwa sauti ya kawaida, wala hakunielekea mimi, "Ntu akila peke yake kila siku, hata chumvi haimsikii." Nililichukua kuwa fumbo la kunisema, na labda lilikuwa fumbo la kunisema, lakini sasa naona alikuwa pia akinieleza kwa nini alimimina unga ule kwenye debe.

Basi niliandika. Niliandika kwamba mwenye nyumba anatumia posho ya msaidiwa kwa chakula cha nyumba yake, kinyume cha sharti la tatu, na kwamba anamtolea msaidiwa lugha ya dharau mbele ya watu, na kumfungia mlango wa uani. Kila neno lilikuwa la kweli. Hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo. Ningekuwa nimesema uongo ningetubu uongo, nikamaliza. Lakini unatubuje kweli uliyoisema vibaya?

Majibu yalikuja upesi. Msaidiwa ahamishiwe makazi ya wazee, wilaya nyingine, ambako atapata sahani yake na kitanda chake. Nililetewa barua nikiwa mezani. Hakuna aliyesema tumwulize mzee. Mimi niliyelisoma sharti la nne kwa fahari, mimi pia sikusema.

Gari lilifika asubuhi. Mzee aliambiwa avae, tunasafiri. Alidhani amefukuzwa kwa ajili ya uraka. Akamwambia dereva kwamba ameacha, hanywi tena, wamwulize mama. Mwenye Nyumba alitoka jikoni na mikono ina unga, akaniangalia mimi, si dereva, akauliza anapelekwa wapi. Nikamweleza kwa lugha ya ofisi. Nilisema mazingira bora.

Dereva alikuwa na maagizo achukue na posho iliyobaki. Akasema unga uko wapi. Mwenye Nyumba akaingia chumbani kwake, akavuta debe kutoka uvunguni, akalileta mpaka barazani na kulifunua. Ndani mlikuwa na unga mweupe wa muhogo.

"Wa serikali ulikwisha zaidi ya wiki," alisema. "Huwa haufiki katikati ya mwezi. Huu wa shamba langu, kule Naliendele. Mpeni, njiani atasikia njaa."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilielewa pale pale, hakuna aliyehitaji kunieleza zaidi: nusu ya kila mwezi mzee alikula unga wake, na nusu nyingine alikula wa mwanamke huyu, na samaki aliowaleta kaka yake kutoka Mikindani, na sikuwahi kutazama ndani ya lile sinia nijue rangi ya ugali. Gari lilikuwa halijawashwa. Ningeweza kusema, subirini, nimekosea. Lilikuwa neno moja. Lakini barua ilikuwa na mhuri, na mkubwa wangu alikuwa amenisifu, na nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nikashika karatasi yangu kifuani kama mtoto wa shule, nikanyamaza.

Wakammiminia unga kwenye kapu. Mzee alipokwisha kupanda, Mwenye Nyumba alimwambia aende ili yeye mama apumzike, na siku mama akifa, mzee asithubutu kuja. Mzee akainua ule mkono mmoja. "Nitakuja," akasema. "Nichukue kanga zako zote, nikuache na moja ya kuzikiwa." Watu waliokusanyika wakacheka, naye akacheka, akacheka mpaka gari lilipopinda kona. Wakati ule nilijiambia, unaona, amefurahi. Nilihitaji sana kuamini hivyo.

Hakumaliza masika mbili. Taarifa ilipita mezani kwangu, mistari miwili: hakula vizuri tangu alipofika, alikataa sahani. Nilikaa siku nne bila kumwambia Mwenye Nyumba, halafu nikamwambia uani, akiwa anaanika makopa yake ya muhogo. Hakulia mbele yangu. Alipanga vipande vile kimoja kimoja mpaka jamvi likajaa.

"Nani alimtania?" aliuliza. Nilimwambia sijui. "Mmakonde amezikwa bila mtani," akasema. "Watu wamenyamaza tu, wamefukia?"

Nikasema labda walisali. Akatikisa kichwa, akaingia chumbani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue siku ile hakutandika mkeka. Kesho yake alitandika. Na akaita, "Karani, karibu," nami nikajibu nimeshiba, ila sasa si kwa usafi, ni kwa aibu. Nilikaa pale zaidi ya mwaka mmoja namna hiyo. Chumba changu hakikuvuja hata tone. Alikuja kugonga ukuta baada ya kila mvua, kama kawaida, na hakuniuliza kitu.

Halafu nilipata uhamisho, nikaolewa, nikawa mkubwa wa wengine, na nikapata sifa ya kuwa mtu asiyeamini taarifa yoyote iliyopigwa taipu vizuri. Vijana wangu walidhani ni hekima. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye; wangu mimi nimemlea mpaka ameota ndevu.

Nilirudi Mtwara kikazi miaka kadhaa baadaye, na siku ya mwisho nikajikaza nikaenda Magomeni. Bati lilikuwa limekula kutu, lakini nguzo ya baraza ilikuwa pale na doa lake la wino, limefifia. Alikuwa uani, anasuka ukili, macho yake yameingia ukungu. Nilibisha hodi. Aliinamisha kichwa akasikiliza, kisha akasema, "Kisima kimekauka, Karani. Kafue kanisa kwingine."

Nilicheka nikalia, vyote kwa pamoja. Nikakaa, na kabla ujasiri haujanitoka nikamwambia. Nilimwambia ni mimi niliyeandika, kwamba barua ile haikutoka hewani, kwamba niliona debe na kuelewa, na gari lilikuwa halijawashwa. Niliyasema yote mfululizo, bila kupamba. Yeye aliendelea kusuka.

"Najua," alisema nilipomaliza. "Njumbe aliniambia siku ile ile, kabla gari halijafika kwenye lami."

Nilimuuliza, basi kwa nini hakunifukuza. Nilikaa humu mwaka mzima na zaidi baada ya pale. Alinipokea kapu. Alinipigia lipu ukuta.

Akauweka ukili chini. "Si ulinisomea mwenyewe ile karatasi? Ntu anayelipiwa na serikali asitolewe chumbani. Nikakuuliza, yeyote? Ukasema yeyote. Na wewe nani alikuwa anakulipia?"

Ofisi ndiyo iliyonilipia. Miaka yote ile nilijiona kuwa ndiye niliyeandika yale masharti au walau niliyeyasimamia, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba nilikuwa mmoja wa waliolindwa nayo, na kwamba katika nyumba ile mtu pekee aliyeyatimiza, manne yote na lile la tano ambalo hatukuliandika, alikuwa huyu aliyetia dole gumba bila kuweza kuyasoma.

Binti wa kaka yake alileta sinia. Ugali wa muhogo, mweupe, na kisamvu. Mwenye Nyumba akapapasa, akaupata mtungi, akanawa, kisha akaushikilia mtungi hewani upande wangu ili aninawishe.

"Karani," alisema. "Karibu."

Nikanawa. Nikasogea mkekani, nikakaa upande wa kisima, kwa sababu ndio uliokuwa wazi.